Mtaa hugeukaje? Ubaguzi, utengano na namna familia zinavyochagua pa kuishi

Baada ya Isha, kwenye baraza tunayokaa hapa Shella ya Malindi, mazungumzo hayakosi kupita mahali pamoja: nani anaishi wapi, na kwa nini. Mmoja atasema Waitaliano wa Casuarina, mtaa wa kitajiri wa mji huu, wamejitenga kwa kuwa wanatudharau. Mwingine atamuuliza: na sisi je? Mgiriama wa Muyeye au Mjaluo wa Kisumu Ndogo amepanga nyumba ngapi katika vichochoro vyetu? Wa tatu atakata shauri kwa methali, ndege wa mbawa moja huruka pamoja, na maneno yataishia kwenye kikombe cha kahawa. Siku hizi mabishano hayo yamekuwa makali zaidi, na nimegundua kwamba nusu ya ukali wake unatokana na maneno. Tunasema "ubaguzi", tunasema "utengano", tunasema "kuchanganyika", kana kwamba yote ni mamoja.

Tuanze hapo basi. Ubaguzi ni kitendo: mtu, ofisi au sheria imemnyima mwingine nyumba kwa ajili ya rangi, kabila au dini yake. Utengano ni hali: ukiutazama mji kutoka juu unaona watu wa namna hii wamejaa huku na wa namna ile kule. Hali hiyo yaweza kuletwa na ubaguzi, yaweza pia kuletwa na mambo mengine. Kuchanganyika ni hesabu ya nani na nani wamo katika mtaa mmoja. Utangamano ni zaidi ya hesabu. Ni watu kuazimana ungo, kuzikana, kulindiana watoto, na mwenye shida kubisha hodi usiku bila kujiuliza mara mbili. Mtaa waweza kuwa na mchanganyiko wa kila kabila na usiwe na utangamano hata kidogo.

Sasa tutazame familia moja ikitafuta nyumba, maana mtaa hujengwa na maamuzi kama hayo, moja baada ya jingine.

Mwaka jana nilimsaidia muuguzi mmoja, dada kutoka kaunti ya Homa Bay, aliyekuwa amehamishiwa kazi hapa. Alitaka vyumba viwili, choo cha ndani, mita yake mwenyewe ya tokeni za stima, na maji ya bomba, kwa sababu alishaonja maji ya kisima yenye chumvi na sabuni ikakataa kutoa povu. Alitaka nauli ya tuktuk isimmalizie mshahara. Halafu akauliza mambo mawili: kanisa la Wasabato liko wapi, na mtoto wake wa darasa la tatu atasoma wapi. Hakutaja kabila, wala sidhani alikuwa akiliwazia.

Lakini nilipomuuliza ameshaangalia mitaa gani, alinitajia mitatu tu, na yote aliambiwa na wenzake wawili kazini, wote watu wa kwao. Casuarina aliijua kwa hoteli. Barani hakuwa na habari nayo. Shella hakuwahi kuisikia, na yuko Malindi wiki ya tatu. Orodha ilikuwa imeshapunguzwa kabla yeye hajaanza kuchagua. Hili watu hulisahau wanapobishana: hakuna anayeuzunguka mji mzima na kuupima mtaa kwa mtaa. Tunaangalia pale tulipoambiwa, na wanaotuambia ni jamaa, watu wa dini yetu na watu wa kwetu. Majirani zangu wengi ni Wabajuni ambao wazee wao walivikimbia vijiji vya bara, mkabala wa visiwa vya Lamu, wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ya Kenya ijiunge na Somalia, katika miaka ya 1960. Walipofika Malindi walishukia kwa nani? Kwa jamaa. Aliyepokewa naye akapokea mwingine. Kwa kupokeana huko mtaa hupata sura, na hakuna aliyekaa kikao cha kuupangia sura hiyo.

Hapo kuna swali gumu. Je, upendeleo mdogo tu wa kutaka wenzako wawe karibu waweza kuutenga mji mzima? Mchumi Mmarekani Thomas Schelling, ambaye mwaka 2005 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Robert Aumann, alilijaribu swali hilo kwa sarafu na ubao wa miraba, na maelezo yake kamili yakachapishwa mwaka 1971. Sisi tulilirudia barazani kwa ubao wa drafti na vizibo vya soda. Namwomba kila anayebishana kuhusu mitaa alijaribu kwa mkono wake, kwa sababu kuambiwa hakutoshi.

Ubao wa drafti una vyumba 64. Tulivilaza vizibo 32 kifudifudi na 32 chali, kama wanavyofanya wachezaji ili kila mtu ajue kete zake. Ni vizibo vilevile, vya ndoo moja ya dukani, na tofauti yao ni upande unaotazama juu. Tukavipanga kifudifudi, chali, kifudifudi, chali, ubao mzima. Kisha tukaweka sharti: kila kizibo kinatazama majirani zake wote, ambao katikati ya ubao ni 8, ukingoni 5 na kwenye pembe 3. Kitaridhika mradi theluthi moja tu ya hao ni wa namna yake. Tazama kizibo hicho kilivyo na moyo mpana. Kinakubali kuzungukwa na wa namna nyingine, kinakubali wenzake wawe wachache, hakitaki tu kuachwa peke yake. Kwa mpango ule wa mwanzo vizibo vyote viliridhika. Hesabu mwenyewe utaona.

Kisha tukaondoa 20 bila kuchagua, kama watu wanaopewa uhamisho, wanaofariki, wanaorudi kwao. Tukarudisha 5 popote mkono ulipoangukia. Vizibo kadhaa vikajikuta havifikishi theluthi, na kila kimoja tukakihamishia chumba kitupu cha karibu kitakachokiridhisha. Mzee aliyekuwa akicheza nasi akashika kidevu. Kwa sababu akihama huyu, wenzake aliowaacha wanapungukiwa na mmoja, na kule anakohamia wale wa namna nyingine wanaongezewa mgeni. Hao nao wanaanza kuhama. Tulihamisha na kuhamisha, kahawa ikapoa. Tulipomaliza, kifudifudi vilikuwa vimejazana upande mmoja, chali upande wa pili, na mpaka kati yao ukionekana waziwazi. Kwenye kompyuta, kwa ubao mkubwa, kizibo kinachodai kiasi cha theluthi tu kwa kawaida huishia kuzungukwa na wenzake kiasi cha 7 katika 10.

Hakuna kizibo kilichotaka hivyo. Kwa hiyo anayetazama mtaa uliojaa watu wa namna moja na kusema "hawa wote wana chuki" amesema zaidi ya anachokijua. Ramani haikuonyeshi yaliyo moyoni mwa mtu.

Ila wapo wanaolichukua somo hili na kulipeleka kusikofaa. Husema: mnaona, ni maumbile, kila mtu na wake, basi tuyaache. Schelling mwenyewe alieleza kwamba ubaguzi wa makusudi na tofauti za kipato ni visababishi vingine, ambavyo aliviweka kando ili achunguze hiki kimoja. Kwenye ubao wa drafti kila chumba ni bure na kila chumba kiko wazi. Katika mji wa kweli kuna aliyechora ubao, kuna aliyefunga vyumba kwa kufuli, na kuna asiye na kodi ya kuingilia.

Marekani yenyewe ni mfano mkubwa. Kwa miaka mingi hati za nyumba nyingi za huko ziliandikwa sharti kwamba nyumba isiuzwe kwa Mweusi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kulazimisha masharti hayo. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuitia rangi nyekundu mitaa lililoihesabu kuwa ya hatari, na mitaa ya Weusi karibu yote ikaingia humo, kisha mikopo ikawa migumu kupatikana. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba ilitiwa saini Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 1950, iliyofutwa mwaka 1991, serikali ilimpangia kila mtu mtaa kwa rangi yake na kumwondoa kwa nguvu aliyekuwa kwingine. Watu hao hawakuruka pamoja kwa kuwa na mbawa moja.

Kwetu je? Nairobi ya wakoloni ilikuwa na upande wa Wazungu, upande wa Wahindi, na Pumwani kwa Waafrika. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango wa kutenga makazi ya Wazungu na Wahindi mijini, lakini nyanda za juu zikabaki kuwa za Wazungu. Hapa Pwani ubao ulichorwa kwa njia nyingine, nayo ni ardhi. Baada ya mkataba wa mwaka 1895 Waingereza walitawala ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1908 wakatunga sheria ya hati za ardhi. Aliyefika mbele ya ofisi na kuthibitisha dai lake alipata hati. Wengi wa Mijikenda, waliolima na kuzikana pale pale, hawakupata. Wajukuu wao leo huitwa maskwota.

Kutoka huko tukapata jambo ambalo mtu wa bara hushangaa kulisikia: nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, paa ni lako, lakini kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Nyumba hiyo unaweza kuirithisha, ila ukienda nayo benki kuomba mkopo watakuuliza hati iko wapi. Kwa hiyo familia ya namna hiyo haina cha kuuza kitakachoifikisha mtaa mwingine. Ukiikuta pale pale kizazi cha tatu, usiseme imechagua kubaki na watu wake.

Lamu nayo haikupangika kwa rangi ya ngozi. Mkomani, upande wa kaskazini, kulikuwa na nyumba za mawe za waungwana, zilizopita katika mikono ya jamaa. Langoni, upande wa kusini, walikaa waliokuja baadaye na waliokuwa wanyonge, wakiwemo waliotoka utumwani na watoto wao. Huko Langoni ndiko alikokaa Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, akawasomesha wale ambao wengine hawakuona haja ya kuwasomesha, na msikiti wa Riyadha ukasimama huko. Leo wanafunzi na wageni wa Maulidi humiminika Langoni kutoka kila upande. Naleta mfano huo kwa sababu unaonyesha kitu ambacho vizibo haviwezi: mtu mmoja mwenye heshima, akikaa mahali ambapo wenye heshima hawakai, hubadili maana ya mahali hapo.

Sasa nirudi kwa yule muuguzi. Nilimpigia simu dalali kuhusu nyumba moja iliyokuwa imetangazwa. Alinieleza vizuri, kodi, diposi ya mwezi mmoja, maji. Kisha akaniuliza, "Kaka, huyo dada jina lake la pili ni nani?" Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akasema nyumba imechukuliwa jana. Siku ya pili binamu yangu alipiga simu akiuliza nyumba hiyo hiyo, akataja jina la kwetu, akaambiwa aje kuiona alasiri.

Huo ni ubaguzi, na hauhitaji ramani kuuthibitisha. Marekani wachunguzi hutumia njia iyo hiyo hadi leo: watu wawili wenye kipato sawa na maswali sawa, tofauti ni rangi tu, wanatumwa kwa mwenye nyumba mmoja na majibu yanalinganishwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, inakataza kubaguana kwa kabila, rangi au dini, na ibara ya 39 inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya 2008 inakataza ubaguzi wa kikabila, hata katika mambo ya mali na nyumba. Nilipomweleza binamu yangu haya aliniuliza kama dalali anayajua. Sidhani.

Watu wengi hudhani pia kwamba mtaa ukichanganyika nyumba hushuka bei. Chunguza kwanza jinsi bei inavyoshuka. Chicago ya miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na madalali waliopita mitaa ya Weupe wakinong'ona kwamba Weusi wanakuja, uzeni upesi. Wenye nyumba wakauza kwa hofu, kwa bei ya kutupa. Kisha madalali wale wale wakaziuza nyumba zile zile kwa familia za Weusi kwa bei ya juu, maana kwingine walifungiwa. Kama kuwasili kwa Mweusi kungeiondolea nyumba thamani, Mweusi angeinunua rahisi. Bei ilishuka kwa sababu wengi waliuza siku moja. Sheria ya 1968 ikaukataza mchezo huo.

Kuna jingine ambalo baraza yetu haijalifikiria vya kutosha, nalo ni neno "kuchanganyika" lenyewe. Mwaka 1976 watafiti wa Detroit waliwaonyesha watu michoro ya mitaa yenye nyumba za Weusi na za Weupe kwa viwango mbalimbali. Weusi wengi walisema mtaa unaowapendeza zaidi ni wa nusu kwa nusu. Weupe wengi walisema wangeona taabu kabla hata ya kufika nusu hiyo. Wote wawili wangeweza kukuambia kwa moyo safi kwamba wanapenda mchanganyiko, na bado mtaa ungegeuka, kwa kuwa kiwango kinachomvutia mmoja kuingia ndicho kinachomsukuma mwingine kutoka. Ukimsikia mtu akisema hana neno na majirani wa kabila lolote, muulize: wangapi?

Na Casuarina? Waitaliano wamekuwa wakija Malindi tangu miaka ya 1960, baada ya kituo chao cha roketi kuanzishwa Ngomeni, na baadaye wengi kwa utalii. Wengine wamezeeka hapa na Kiswahili chao ni cha kueleweka. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99, ndivyo ibara ya 65 inavyosema, basi si kweli kwamba "wameinunua Malindi moja kwa moja". Kinachotenga pale ni bei kwanza. Mkenya mwenye pesa anaishi Casuarina, Muitaliano aliyefilisika haishi.

Lakini pale pale Casuarina kuna kuchanganyika ambako hatukuhesabu. Ndani ya kila geti kuna mpishi wa Kigiriama, askari wa usiku, mtunza bustani. Wao na mwenye nyumba wameonana kila siku kwa miaka 15. Je, wametangamana? Mwanasaikolojia Mmarekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki hasa pale watu wanapokutana wakiwa sawa, wakishughulikia jambo lao la pamoja, na wakuu wao wakiliunga mkono. Bwana na mpishi wake hawajakutana wakiwa sawa. Wazazi wawili katika kamati ya shule ya umma, mmoja Mbajuni na mmoja Mkikuyu, wakigombana kuhusu tangi la maji la watoto wao, wamekutana wakiwa sawa. Ugomvi wao una faida kuliko salamu nzuri za getini.

Nchi nyingine zimeamua kutosubiri. Singapore, ambako watu wengi huishi katika majengo ya serikali, iliweka tangu 1989 kiwango cha juu cha Wachina, Wamalei na Wahindi katika kila jengo na kila mtaa. Mchanganyiko upo, na gharama ipo: mtu wa jamii ndogo huweza kukosa mnunuzi anayeruhusiwa, akauza kwa hasara. Sioni njia hiyo ikifaa hapa, kwani nyumba tunazopanga si za serikali. Oak Park, mji ulio ubavuni mwa Chicago, ulichukua njia nyepesi zaidi. Mwaka 1972 kilianzishwa huko kituo cha kuwapokea wanaotafuta nyumba na kuwaonyesha mitaa ambayo wasingeiwazia wenyewe. Naiona hiyo karibu zaidi na hali yetu, maana kazi yake ni ile ile inayofanywa hapa na dalali, isipokuwa haiulizi jina la pili.

Yule muuguzi alipata nyumba, na hakuipata kwa dalali. Mama mmoja wa mtaa wetu, ambaye muuguzi alimhudumia binti yake alipojifungua, alisikia anatafuta akasema, "Mwanangu, pale nyuma kwangu pana vyumba viwili, njoo uone kama vitakufaa." Mfereji uko uani, mita ni yake. Sabato humwona akitoka na mtoto wake asubuhi, gauni limepigwa pasi, na mama yule amezoea kumuuliza ibada ilikuwaje. Na kwa kuwa sasa naye ana habari za Shella, amewaambia wenzake. Mwezi wa tano akaja mmoja, mwezi wa nane akaja mwingine.

Juzi barazani nikasikia sauti ikisema, "Mtaa huu unageuka." Nikamwomba mzee tutembee. Tulipita kichochoro chote, kutoka msikitini mpaka duka la mwisho, tukihesabu milango. Ilikuwa 31. Mitatu ni yao.